Umekula Hela Zetu

Leo nina kisa cha mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, na kabla sijaenda mbali niseme kabisa: nimekitunga. Mama huyo hayupo, kikoba hicho hakipo, na mtaa wenyewe nimeuacha bila jina kwa makusudi. Nikimchukua mtu wa kweli nikamwanika hewani, nitakuwa nazungumzia kesi za kuchafuana majina huku nikijitafutia ya kwangu.

Ingawa kutunga nako hakuponyi kila mara. Mwaka 1908 gazeti moja la Uingereza, Sunday Chronicle, lilitoa makala ya kuchekesha kuhusu Waingereza wanaokwenda kustarehe Dieppe, pwani ya Ufaransa. Mwandishi akabuni mhusika, mzee wa kanisa huko kwao London, mtu wa heshima zake, ambaye akishavuka bahari anaonekana yuko na mwanamke asiye mkewe. Akampa jina ambalo aliamini hakuna binadamu analo: Artemus Jones. Kumbe lina mwenyewe! Wakili mmoja wa Wales aliitwa hivyo hivyo. Wakili huyo hakuwa na mke, hakuwa mzee wa kanisa, na hakuishi mtaa uliotajwa. Lakini alikuja mahakamani na watu wanaomfahamu, nao wakasimama mmoja mmoja wakasema: tulipolisoma gazeti tulidhani ni yeye. Gazeti likaamriwa kumlipa pauni 1,750. Likakata rufaa mpaka kwenye Baraza la Malodi, na huko nako likaanguka.

Usiniambie hayo ni ya Wazungu. Sheria yetu ya kashfa imetoka huko huko. Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kwa tarehe maalumu, 22 Julai 1920, na Kenya tarehe yake ni 12 Agosti 1897. Kwa hiyo mahakimu wetu, wakipima kama fulani amechafuliwa jina au la, bado wanapitia njia iliyochimbwa na majaji wa huko. Na hilo la Artemus Jones naomba ulishike, kwa sababu ndilo litakalotuvusha leo. Wakili yule hakushinda kwa kuwa aliumia. Alishinda kwa kuwa watu wengine walisoma na wakamfikiria yeye.

Sasa turudi kwenye kikoba chetu.

Ni wanawake kama thelathini. Wanakutana Jumamosi mchana chini ya mwembe, wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mweka hazina ni fundi cherehani. Siku ya kuvunja mzunguko na kugawana, hesabu ilipungua shilingi laki tatu na arobaini. Watu wakahesabu tena, ikapungua vilevile. Hapo mwanachama mmoja, tumwite Mama Maneno, akasimama, akamnyooshea kidole mweka hazina na kusema: “Umekula hela zetu.” Jioni akairudia kwenye kundi lao la WhatsApp, safari hii kwa maandishi. Mwanachama mwingine akaongeza ujumbe wa sauti, wa tatu akausambaza hadi kwenye kundi la kwaya. Baada ya wiki, bibi harusi mmoja aliyekuwa ameagiza sare za vitenge kumi na mbili akapiga simu kwa fundi kusema amepata fundi mwingine, karibu zaidi na kwake.

Mama wa watu akaenda polisi, kama tufanyavyo wengi wetu. Akataka RB. Askari wa zamu akamsikiliza kwa upole na kumwambia, mama, hiyo ni kesi ya madai, tafuta wakili. Na askari hakukosea sana. Tanzania mtu akikutukana hadharani kwa namna inayoweza kuleta vurugu, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinampa polisi pa kuanzia. Lakini kusema fulani amekula hela ni jambo jingine. Hapo hujatukanwa. Hapo umesimuliwa.

Tofauti hii watu wengi hawaioni, na ndiyo inayozua kesi nyingi zinazofia njiani. Mtu akikuita mbwa, nguruwe, kichwa maji, sura mbaya, mahakama ya madai haina la kukufanyia, kwa sababu hakuna msikiaji mwenye akili zake atakayekwenda nyumbani akiamini kwamba wewe ni mbwa kweli. Ni hasira, na hasira hupoa. Siti binti Saad alipoanza kung'ara Unguja, waliomwonea wivu walimwimba vibaya, wakimkejeli kwa sura yake na kwa kwao Fumba, kijiji cha watu wa chini. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba akili ni kitu kikubwa kuliko sura. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, na leo nani anawakumbuka waliomkejeli? Nadhani hata angekuwa na wakili bora kuliko wote, kwa maneno yale angeambiwa, bibi, wewe imba tu.

Lakini “umekula hela zetu” haipoi. Ni habari. Ina tendo, ina mtendaji, ina mali, ina wenye mali. Msikiaji anaweza kuiamini na kuishi kwa kuifuata: asikukopeshe, asikupe funguo, asikuletee kitambaa cha binti yake. Hiyo ndiyo kashfa inayotambuliwa na sheria, neno linalokushusha machoni pa watu wa kawaida wenye akili timamu.

Basi mama akaenda kwa wakili. Njiani alikuwa amepanga maneno: jinsi alivyolia, jinsi asivyolala, jinsi mtoto wake alivyorudi shuleni kimya. Wakili akayasikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo mama hakulitarajia. Hakumwuliza ameumia kiasi gani. Alimwuliza: “Nani alisikia?”

Ndugu msikilizaji, katika sheria ya kashfa jina lako halikai kwako. Linakaa kwa wengine. Mtu anaweza kukufungia chumbani, nyinyi wawili tu, akakuita mwizi, jambazi na muuaji mpaka asubuhi, na ukitoka humo huna kesi ya kashfa, kwa sababu hakuna sikio la tatu. Akikuandikia barua ya kashfa akaifunga vizuri na ukaisoma peke yako, vivyo hivyo. Mama alikuwa amekwenda na machozi yake, akaambiwa alete masikio ya watu.

Masikio hayo yalikuwepo, thelathini chini ya mwembe, na mengine kwenye simu. Lakini sasa ilitakiwa mtu wa kusimama kizimbani. Akamchagua rafiki yake wa tangu utotoni. Wakili akamwita, akamwuliza: uliposikia maneno yale, ulimwonaje mwenzako? Rafiki akajibu kwa fahari: “Sikuyaamini hata kidogo! Namjua huyu, ni mwaminifu kuliko mimi.” Wakili akafunga kalamu. Msikilizaji, hebu ona ajabu ya jambo hili. Shahidi anayekupenda anakutetea hadi anakuharibia. Ni kweli kipimo cha sheria ni mtu wa kawaida, hakimsubiri rafiki yako aamini. Lakini mahakama za Kenya zimewahi kuzitupa kesi ambamo mdai alikuja peke yake, akaeleza uchungu wake, bila hata mtu mmoja wa kusema kwamba baada ya kusikia yale alimwona tofauti. Kwa hiyo shahidi wa thamani kwa mama yetu ni yule bibi harusi, yule yule aliyemkimbia. Mwendee umwombe mtu aliyekuvunjia oda aje aseme mbele ya hakimu kwamba ndiyo, nilimwogopa. Kazi hiyo si ndogo, na mawakili wanajua ni kesi ngapi zimekwama hapo.

Swali la pili la wakili lilikuwa: “Alisema nini hasa?”

Mama akasema, alisema nimeiba. Wakili akasema, hapana, nataka maneno yenyewe. Na hapa sheria hii inageuka kuwa somo la lugha, jambo ambalo mimi kama mtu wa maneno nalipenda kupita mengine yote. Hati ya madai ya kashfa inapaswa kubeba maneno yaleyale yaliyotamkwa, kwa lugha ileile yaliyotamkwa, na kama hati imeandikwa kwa lugha nyingine, tafsiri iwekwe pembeni. Huruhusiwi kusema “alinikashifu” ukaishia hapo. Huruhusiwi kusema “alisema maneno yenye maana kwamba mimi ni mwizi”. Mdaiwa lazima ajue anajibu neno gani.

Sasa chukua “umekula hela zetu” uipeleke kwenye Kiingereza cha mahakamani, kama mawakili walivyolazimika kufanya kwa miaka mingi. Ukitafsiri neno kwa neno, jaji atapata picha ya mtu anayetafuna noti. Ukitafsiri maana, je, ni kuiba? Ni kutumia bila ruhusa? Ni kuzembea hadi zikapotea? Kwetu kula kuna ngazi. Kuna kula pesa kwa maana ya wizi, kuna kula bata, kuna kula njama, kuna kula ambako ni hasara tu ya biashara, na kuna yule jamaa anayekwambia kwa utani “umenila leo” baada ya kununua samaki kwa bei kali. Wakili wa Mama Maneno angeweza kusimama na kusema: mheshimiwa, mteja wangu alimaanisha tu kwamba hesabu ni mbovu. Na wa upande wetu angejibu: chini ya mwembe, siku ya kugawana, kidole kikiwa kimenyooshwa, kula kuna maana moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kuifanya lugha ya mahakama Tanzania kuwa Kiswahili, angalau mvutano huo unaweza kufanyika kwa lugha ya ugomvi wenyewe. Mimi nilifurahi. Mtu akichafuliwa kwa Kiswahili, asafishwe kwa Kiswahili.

Maana si kila kashfa yetu husemwa wazi. Watu wa mwambao tumefuzu kusema bila kutaja. Maandishi ya kwenye kanga yanaitwa jina, jina la kanga, na mtu anaweza kununua kanga yenye jina linalomfaa jirani yake, akaivaa akipita mbele ya mlango wake mara tatu kwa siku, na jirani akaelewa, na mtaa mzima ukaelewa, na hakuna aliyetamka kitu. Taarab ya mipasho nayo hivyo hivyo: mwimbaji hatamki jina, lakini anayetunzwa na anayenuna wote wanajulikana ukumbini. Je, hapo kuna kesi? Ni vigumu, ila haishindikani. Sheria inakubali kwamba maneno yanaweza kuwa mazuri juu na sumu chini, mradi mdai athibitishe kwamba waliosikia walikuwa na habari ya ziada iliyowafanya waelewe. Kwa Kiswahili hilo lina jina la siku nyingi: fumbo, na fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mahakamani unatakiwa kuwaleta werevu. Na kanga yenyewe waliitengeneza kiwandani, iko mgongoni mwa maelfu ya wanawake wengine. Nani atasema ilikuwa ya kwako?

Kuna mgawanyo mwingine ambao Kiswahili chetu hakiufanyi. Sisi tuna neno moja, kashfa. Sheria tuliyorithi inatenga kashfa ya mdomo na kashfa ya maandishi, na inaichukulia ya maandishi kuwa nzito zaidi, kwa kuwa hudumu. Ukikashifiwa kwa maandishi huhitaji kuonyesha ulipoteza senti ngapi. Ukikashifiwa kwa mdomo, kwa kawaida lazima uonyeshe hasara halisi, isipokuwa maneno yaingie katika mafungu machache ambayo sheria inayaona mabaya yenyewe: kukusingizia kosa la jinai lenye kifungo, kukusingizia ugonjwa wa kuambukiza unaowakimbiza watu, kukuchafua katika kazi au cheo chako, na kwa mwanamke, kumsema vibaya katika usafi wa tabia yake, jambo ambalo Uingereza iliongeza kwa sheria ya mwaka 1891. Mama yetu, kwa bahati yake mbaya, anaangukia mawili: ameambiwa mwizi, na ameambiwa mwizi katika uweka hazina wake. Angekuwa ameitwa mchoyo au mvivu, mwembe ungebaki kimya.

Ujumbe wa WhatsApp ni maandishi, hilo halina ubishi. Ujumbe wa sauti je? Umetoka mdomoni, lakini umekaa kwenye simu, unasikilizwa leo na kesho na mwezi ujao. Mawakili wana pa kubishania hapo. Kuhusu redio, Uingereza iliamua tangu 1952 kwamba maneno yanayorushwa hewani yahesabiwe kama yaliyoandikwa. Ndiyo maana haya ninayokusomea nimeyaandika kwanza kwenye karatasi, na mhariri wangu ameyapitia kwa kalamu nyekundu. Alifuta sentensi mbili. Zilikuwa nzuri.

Na yule wa tatu aliyesambaza sauti kwenye kundi la kwaya? Atasema, mimi sikusema kitu, nimepitisha tu. Au lile jibu letu pendwa: “Nimeambiwa.” Sheria haimwachii. Kila anayelirudia neno analisema upya kwa midomo yake. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, hakukuwa na habari iliyozungumzwa kwa kunong'ona kama mauaji ya waziri Robert Ouko ya mwaka 1990. Kitabu kimoja kilichochapishwa Uingereza, kuhusu kazi za daktari mchunguza maiti Iain West, kikamhusisha mwanasiasa Nicholas Biwott na mauaji hayo, naye akaenda mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Nairobi ikampa shilingi milioni 30 za Kenya, nusu yake fidia na nusu ya pili ya kuadhibu. Kinachonivutia mimi ni kwamba hata maduka ya vitabu ya Nairobi yaliyokiweka kitabu hicho rafuni yaliingizwa kwenye kesi. Muuza vitabu hajaandika hata herufi. Ameuza tu.

Milioni 30 ni hesabu inayowapandisha watu moyo. Wakisikia hivyo, kila mwenye ugomvi anaandika notisi ya kudai bilioni moja, na magazeti yanaandika kichwa kikubwa: adai bilioni moja! Msikilizaji, idadi hiyo ya kwenye kichwa cha habari haina maana sana. Fidia ya jumla, ile ya uchungu na kushushwa heshima, anaipanga hakimu mwenyewe akitazama maneno, uzito wake, yalienea kiasi gani, na kama aliyesema aliomba radhi au aliendelea kuchochea. Kenya sheria imeweka sakafu katika sehemu moja: kashfa ya maandishi inayokusingizia kosa lenye adhabu ya kifo isipungue shilingi milioni moja, na inayokusingizia kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi isipungue laki nne. Hasara unayoweza kuihesabu, kama zile sare kumi na mbili, ni lazima uitaje na uithibitishe, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililikazia hilo mwaka 1992. Kwa hiyo daftari la oda la fundi cherehani, lenye vipimo vya viuno na tarehe ya kuchukua nguo, lina nguvu kuliko machozi yake yote. Bahati nzuri mama analo. Bahati mbaya oda ile aliiandika kwa penseli.

Halafu kuna gharama. Mwaka 1878 ilisikilizwa kesi ambayo mchoraji Whistler alimshtaki mhakiki maarufu John Ruskin, aliyeandika kwamba msanii huyo anadai gini mia mbili kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni. London nzima ilijaa mahakamani. Whistler akashinda! Akapewa fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote, na akaambiwa kila upande ujilipie gharama zake. Mwaka uliofuata akafilisika na nyumba ikauzwa. Mama wa kikoba akiwa na kesi nzuri kabisa, nauli za kwenda mahakamani siku kesi inapoahirishwa, na kuahirishwa tena, anazitoa kwenye cherehani ileile iliyopoteza wateja.

Tuseme amekubali gharama. Je, Mama Maneno hana pa kujificha? Anapo, tena pazuri. Kwanza ukweli. Kama mama kweli alikula, basi hakuna kesi, hata kama yamesemwa kwa chuki ya miaka kumi, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa wa msemaji, na kuthibitisha kwamba mtu ni mwizi si sawa na kuthibitisha kwamba hesabu imepungua. Pili ni maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi kwa umma. Tatu ni kinga. Mbunge wa Tanzania akiwa ndani ya Bunge analindwa na Ibara ya 100 ya Katiba. Ndiyo maana umesikia wanasiasa wakitupiana: kama una ubavu, toka nje ukayaseme hayo! Wanajua kinga ile inaishia mlangoni. Raia wa kawaida naye ana kinga yake ndogo. Akienda polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa akatoa taarifa kwa nia njema, hata kama baadaye itaonekana alikosea, haitahesabiwa kuwa kashfa. Mama Maneno angekwenda kwa mwenyekiti wa kikoba na mkaguzi wa hesabu, akasema nina wasiwasi na hela, angekuwa salama. Mbele ya wanachama wenzake angeweza pia kujitetea kwamba wote walikuwa na haki ya kujua zilipo hela zao, na wakili mzuri angelipigania hilo. Kundi la kwaya halikuwa na hela kwenye sanduku lile.

Kuna wanaouliza: mbona asifungwe? Kenya ilikuwa na kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 194, lakini Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alisema kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliyaona mapungufu kama hayo katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipotoa uamuzi wake Machi 2019, na mwaka 2023 Bunge likairekebisha sheria hiyo. Bado ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo anayesambaza kwa kompyuta au simu habari anayojua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, inamtaja kwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mimi binafsi sipendi kuona mtu anafungwa kwa neno. Lakini nimeshaona watu wakisambaza wasichokijua kwa kidole kimoja huku wakinywa chai, na nikajikuta naelewa hasira za waliotunga sheria ile.

Muda nao una meno. Kenya una miezi kumi na miwili tu ya kufungua kesi ya kashfa. Tanzania ni miaka mitatu. Na picha ya skrini ya simu haitoshi kuionyesha tu. Kenya inataka hati maalumu ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, na mahakama za Tanzania nazo zinataka kujua picha ilipigwa kwa simu gani na ilitunzwaje. Mwisho kabisa, jina likishachafuliwa, mwenyewe akafa, kesi inakufa naye. Warithi wanaweza kudai shamba lake, gari lake, hata deni aliloacha kwa rafiki. Jina hawalirithi kwa ajili ya kulidai.

Wakili akamshauri mama aanze na barua. Barua hizi mawakili huziandika kwa lugha nzito, siku kumi na nne, bila kuathiri haki za mteja wangu, lakini kiini chake ni kimoja: ufute ulichosema, uombe radhi, tena kwa uzito na mahali palepale ulipochafulia. Wenye magazeti wanalijua sharti hilo. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, limezisuluhisha kesi za namna hiyo miaka yote hii, na mara nyingi kinachogombewa mezani kinakuwa ni ukurasa: kashfa ilikuwa ukurasa wa kwanza, wahariri wanataka radhi iwe ukurasa wa kumi na tisa, chini ya matangazo ya viwanja.

Mama Maneno alipopata barua, alikwenda kwa mama usiku, na kilo mbili za sukari na kanga mpya kwenye mfuko. Alilia. Akasema shetani alimpitia. Alisema pia kwamba hesabu zimekaguliwa upya na ile laki tatu na arobaini imeonekana: rejesho la mkopo la mwanachama mmoja lilikuwa limeandikwa mara ya pili kwenye ukurasa wa mwezi mwingine. Mama akamkaribisha, akamchemshia chai. Akamwambia, mimi na wewe tumemaliza, lakini nenda ukaseme Jumamosi.

Na Jumamosi ikafika. Mama Maneno akasimama palepale, akasema kwa sauti ndogo, akaambiwa apaze. Katibu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, akaandika kwenye daftari la vikao: “Mwanachama amefuta tuhuma za matumizi mabaya ya fedha za kikundi.” Mweka hazina akaomba daftari, akavaa miwani, akasoma, akarudisha.

“Sivyo alivyosema,” akasema. “Andika alivyosema.”

Katibu akakata mstari juu ya sentensi yake, akaandika chini: Alisema, “Umekula hela zetu.” Leo anasema hazikuliwa. Wakamwita na yule wa kwaya atume ujumbe palepale, wamwone anautuma. Kisha wenye funguo tatu wakasogea, sanduku likafunguliwa.